Sahani ya Chumba Kilichofungwa

Altenhafen, Ujerumani
4 Februari 2024

Mume wangu Lugembe,

Nimefika salama. Hilo ungelijua zamani kama ungepokea simu. Nimepiga nikiwa uwanja wa ndege, nimepiga ndani ya treni, nimepiga nilipotua sanduku chumbani. Inaita mpaka inachoka. Inaita, Lugembe, haisemi haipatikani. Shuleni tulifundishwa kuanza barua na "mimi ni mzima, hofu ni kwako". Leo naandika hivyo na ninamaanisha kila neno.

Chumba changu kiko juu ya jiko la nyumba ya wazee ninayofanyia kazi. Wazee ni wapole, isipokuwa bibi mmoja anayesema mikono yangu ni baridi, kana kwamba baridi hii nimekuja nayo kutoka Tabora. Wauguzi wenzangu wananifundisha lugha kwa kunisahihisha mbele ya wagonjwa. Nitazoea.

Leo ni siku yangu ya kwanza ya mapumziko. Nikasema nisikae ndani kuitazama simu, nikatoka kuuona mji. Maduka yote yamefungwa, barabara za mawe tupu, nikadhani kuna msiba wa mkubwa. Kumbe ndiyo Jumapili yao. Nikasikia kengele, nikaifuata nikijua naenda misa. Nikafika kwenye kanisa la matofali mekundu, kongwe, refu kiasi kwamba kofia ilinidondoka nikitafuta mwisho wake. Nikaingia. Nikatafuta maji ya baraka, hakuna. Nikatafuta taa ya Sakramenti, hakuna. Ni la Walutheri siku hizi, ingawa ukutani bado wapo watakatifu wa zamani waliochubuliwa nyuso. Nikainua macho, nikaona merikebu. Merikebu za mbao, zina matanga na kamba, zimening'inizwa darini kwa minyororo, na zote zimeelekea madhabahuni. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sikukipenda. Nilisimama pale muda mrefu hata hivyo.

Kuna mama mlinzi, amevaa funguo kiunoni. Alinifuata nguzo hadi nguzo. Nikisimama, anasimama. Nikigusa benchi, anakohoa. Mimi, binti wa Igalula, nashukiwa wizi ndani ya nyumba ya Mungu! Jumapili ijayo nitarudi, ili ajue kikohozi chake hakinitishi.

Nipigie. Kama simu yako imekufa, azima ya Dada Dafrosa.

Mkeo,
Adelina


Cheyo, Tabora
26 Februari 2024

Kwako uliye mbali,

Barua yako imefika, na aliyeifungua ni mimi. Nimefurahi mpaka nimekosea kubana spoki za baiskeli ya mtu.

Kuhusu simu, ilianguka ndani ya beseni la maji ninalotafutia tundu kwenye mipira. Inaita kwa sababu zake yenyewe. Fundi ameshaifungua na kuifunga na anasema tumwachie Mungu. Kwa sasa tuandikiane. Barua ni nzuri, hakuna anayekukatiza, na haina mtandao wa kukatika katikati ya jambo la maana.

Huku mvua imenyesha vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yanatoa mbelewele. Kwaya inajiandaa kwa Pasaka, besi tumebaki wachache, tunafunikwa na akina mama. Mama yangu anakusalimu sana.

Sasa hilo kanisa. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko sehemu ya kazi. Wewe ni Mkatoliki ambaye kwetu Moravian umeingia siku ya harusi ya mdogo wangu tu, tena ukakaa karibu na mlango. Leo unaingia kwa Walutheri bila kualikwa, na unaahidi kurudi. Kurudi kwa nani? Habari za mama wa funguo nimezisikia. Kanisa kubwa namna hiyo linalindwa na mama mmoja tu, hakuna mwanamume hata wa kupandisha ngazi? Nimemwuliza Mzee Ezekia, mzee wetu wa kanisa, kama amewahi kusikia kanisa lenye merikebu darini. Alisema yeye anajua lenye popo. Kisha akavuta kiti karibu akaniambia niwe macho, Ulaya kuna makundi yanayoanza kwa kuonyesha watu vitu vya ajabu.

Sikukatazi. Nauliza tu, na kuuliza si ujinga.

Vaa soksi mbili mbili. Kula hata kama chakula chao hakina chumvi.

Mumeo,
Lugembe


Cheyo, Tabora
11 Machi 2024

Mdogo wangu Adelina,

Unajua mimi na kalamu hatupatani. Lakini haya si ya kwenye simu. Ukuta wangu na wa jirani ni bati moja, nikikohoa wananipa pole.

Mume wako ana jambo.

Kwanza, hiyo simu. Juzi nilipita kibandani kwake karibu na stesheni, anapotengenezea baiskeli, nikamkuta anaongea nayo, anacheka mpaka anashika goti. Aliponiona akaitumbukiza mfukoni. Adelina, simu iliyokufa maji haichekeshi mtu.

Pili, hajanyoa tangu uondoke. Lugembe huyo huyo wa kipara cha kila Jumamosi! Nywele zimesimama, ndevu zimejaa, anafanana na mtu aliyetoka porini kurina asali. Mwanamume akianza kufuga nywele ghafla, ujue kuna mtu amemwambia zinampendeza.

Tatu, chumba chenu. Kimefungwa kufuli kwa nje, naye analala sebuleni kwenye mkeka. Nilimwomba niingie nichukue ile sufuria yangu niliyokuazima, akasimama mlangoni kama askari wa benki. "Dada, nitakutafutia mimi." Mpaka leo sufuria sijaiona.

Nne, na hili ndilo lililoninyima raha. Jumanne nilikula kwenu. Mama mkwe wako alikuwepo, mimi nilikuwepo, na yeye. Tulipomaliza kupakua, akachukua sahani nyingine safi, akaweka ugali, akachagua samaki, mgebuka mnene kuliko wetu wote, akaongeza mlenda pembeni. Akaifunika kwa kawa. Akafungua kufuli, akaingia nayo, akatoka mikono mitupu, akafunga. Nikamwuliza, "Shemeji, ya nani hiyo?" Akanijibu, "Ya mwenyewe." Nikauliza mwenyewe yupi. Akaanza kuimba besi yake ya Pasaka, na mama mkwe wako akatazama dirishani.

Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Lakini shetani hali migebuka. Chumbani mle mna mtu, na mama yake anajua.

Niambie nifanye nini. Nyumba ile uliijenga na wewe.

Dada yako,
Dafrosa


Altenhafen
30 Machi 2024

Dada Dafrosa,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, ndani ya chumba cha mashuka, na nikatoka mle nikiwa mtu mwingine. Nina wivu, dada. Nasema waziwazi kwa sababu nikikuficha wewe nitapasuka. Najiona mjinga niliyevuka bahari kutafutia nyumba, na nyumba yenyewe ina mtu wa kukaa ndani tayari.

Nimezitoa barua zake zote mbili nikazisoma upya, maana wiki iliyopita nimepokea nyingine. Anaeleza mvua, anaeleza kwaya, ananiambia nivae soksi. Jina langu hakuna. Angalia mwenyewe siku ukija: "Kwako uliye mbali", kama salamu za redioni. Mwanamume anayeogopa kuandika jina la mkewe kwenye karatasi, ana mtu anayesoma nyuma ya bega lake.

Basi sikiliza. Kufuli lile nililinunua mimi, na lilikuja na funguo mbili. Ya pili iko jikoni, ndani ya kopo la magadi, chini kabisa. Jumamosi jioni anakuwa kwenye mazoezi ya kwaya na mama yake anakwenda jumuiya. Ingia. Ukimkuta huyo mtu usimguse wala usimtukane. Mtazame vizuri umjue, kisha unibipu, nitapiga papo hapo. Nataka niisikie sauti yake.

Na kama ni kweli, nitamaliza mkataba wangu nikirudi sitakanyaga Cheyo. Treni itanishusha Igalula kwa mama, na nguo zangu utanifuatia wewe.

Kanisani naendelea kwenda. Mama wa funguo anaitwa Gudrun. Bado ananifuata, ila sasa anafuata kwa mbali. Nilimchukia sana mwanzoni. Leo nimemtazama nikafikiri kwamba hata mimi ningepewa funguo na mashaka yangu haya, ningemfuata kila mtu anayeingia.

Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Adelina


Altenhafen
21 Aprili 2024

Lugembe,

Jana Dada Dafrosa alinibipu, nikapiga. Huwezi kusema hujui, kwa sababu ulikuwepo. Nilimsikia akipaza sauti: "Adelina! Adelina we! Adelina!" Kisha nikasikia sauti ya mwanamume. Nilikuwa sijaisikia tangu uliponisindikiza, lakini sauti yako ningeijua hata sokoni. Ulisema, "Nyamaza! Usimwite!" Simu ikakatika, na baada ya hapo dada hapatikani.

Usimwite. Mimi nisiitwe? Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyemeza mwiba.

Leo nimekwenda kanisani na macho yamevimba. Nilikaa benchi la nyuma, chini ya zile merikebu. Gudrun alikuja. Nikajua sasa ananifukuza. Akakaa pembeni yangu, akafungua mkoba, akanipa leso, na kwa mara ya kwanza akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia. Akauliza kama nina mume. Nikamwambia ninaye, ila sijui kama ni wangu peke yangu. Alicheka kidogo, akaanza kunieleza merikebu. Kijerumani changu kilishika nusu, nusu nyingine aliigiza kwa mikono.

Zamani wanaume wa mji huu walikuwa mabaharia. Mume akiondoka, mke alileta merikebu ndogo akaining'iniza hapa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja jina la yule mume ndani ya kanisa, hata mchungaji kwenye sala. Waliinua macho tu wakatazama merikebu yake. Akirudi, alipanda ngazi mwenyewe akaiandika jina lake ubavuni. Nikamwuliza kwa nini wasimtaje, si ndiyo maana ya kumwombea? Gudrun akasema bibi yake alimwambia hivi: ukimwita mtu aliye njiani, anageuza kichwa.

Nikasimama nikazitazama moja moja. Nyingi zina majina ya dhahabu. Nyingine ubavu wake ni mtupu, na sikuhitaji kuuliza za kina nani.

Lugembe, tangu nije huku hujaniandika jina langu. Hupokei simu. Ukamzuia dada yangu kuniita. Nilishayapanga yote hayo na kuyapa maana moja. Sasa nakuuliza swali ambalo pengine ni la mtu aliyelia akachoka: kwenye ukoo wenu kuna jambo linalofanana na hili? Kama lipo, niambie. Kama halipo, basi niambie ni nani unayempelekea chakula chumbani kwangu, tuyamalize kiutu uzima.

Kila nikiamka siku hizi nataka kupanda ndege. Jibu upesi.

Adelina


Cheyo, Tabora
22 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimeaibika, na aibu yenyewe sijui hata jina lake.

Niliingia Jumamosi kama ulivyosema. Kufuli likanigomea, mwisho likakubali. Nilibeba mwiko wa ugali, nisikudanganye, usije ukadhani mimi ni jasiri. Adelina, hamna mtu. Nimechungulia uvunguni, nimevuta pazia, nimefungua kabati. Mna magauni yako tu, yametundikwa kama ulivyoyaacha. Kitanda kimetandikwa vile vishuka vyako vya maua. Ndala zako ziko chini, zimeelekea ndani. Na mezani iko sahani. Nikafunua kawa. Ugali umepoa, samaki mzima, haijaguswa hata tonge.

Nikakaa kitandani kwa furaha. Nikakubipu, ukapiga, nikataka kusema hamna mtu, nikajikuta natoa jina lako tu kwa sauti ya sokoni. Kumbe mazoezi ya kwaya yamevunjika kwa sababu mwalimu wao ana msiba. Nikageuka, shemeji huyo mlangoni.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alininyang'anya ile simu, akaizima, akakaa sakafuni na nywele zake zile. Akaniuliza, "Dada, umemwita humu ndani?" Nikasema ndiyo. "Umeketi hapo hapo ukamwita?" Nikasema ndiyo, shemeji, nimemwita mdogo wangu, kuna kosa? Akashika kichwa. Machozi yalimtoka, Adelina, mbele yangu, mwanamume yule wa masihara. Mama mkwe wako naye akafika. Aliniambia tu, kwa heshima zote, "Mama, naomba uondoke kitandani." Simu nimerudishiwa leo.

Kwa hiyo mwanamke hayupo, nimeona kwa macho yangu. Lakini chakula kinachopelekewa kitanda kitupu, na mtu mzima anayelia kwa sababu mkewe ameitwa jina lake, mimi siyaelewi. Sasa nahofia ni mambo ya kishirikina. Sali sana, na maji ya baraka kama huko hawana, nitakutumia kwenye chupa.

Sufuria yangu niliiona, iko juu ya kabati. Niliogopa kuidai.

Dada yako,
Dafrosa


Cheyo, Tabora
29 Aprili 2024

Adelina,

Hilo ndilo jina lako. Nimeliandika mara ya kwanza tangu uondoke, na mkono ulikuwa mzito.

Nitakueleza yote bila kungoja barua yako nyingine, kwa sababu hakuna tena cha kulinda. Unajua watu wetu walikuwa wapagazi. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na majora ya nguo, msimu baada ya msimu. Mke aliyebaki nyumbani alikuwa na miko yake. Nywele hanyoi mpaka msafiri arudi. Mahali pa msafiri pa kulala hapalaliwi na mtu. Kila jioni msafiri anapakuliwa chakula, ili huko aliko asilale njaa. Na kubwa kuliko yote, jina lake halitajwi na sauti yake haitafutwi. Ukimwita anageuka, na akigeuka kabla ya kufika, hafiki. Bibi yangu aliishika miko hiyo babu alipokwenda mashamba ya mkonge Tanga, na babu alirudi.

Ni miko ya wanawake, Adelina. Hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kuishika, kwa sababu hakuna aliyebaki nyumbani mke akasafiri. Mama aliponisikia naiulizia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha, huku anautazama mlango asije akaingia mtu. Ningekwambiaje? Msafiri haambiwi, akijua miko inamlemea kama mzigo. Na Mzee Ezekia akisikia mwimbaji wake wa besi anampakulia chakula asiyekuwepo, kwaya nimeachishwa. Vijana wa stesheni wakisikia, nitahama mji.

Simu haikuanguka majini. Wengine nilikuwa naongea nao. Ya kwako niliitazama ikilia mpaka inanyamaza, kila ulipopiga. Ile sahani nilikuwa naila mimi mwenyewe asubuhi, kiporo, kabla ya kwenda kibandani. Nimenenepa. Wala sikuwa na imani kubwa na mambo haya. Nilitaka tu niwe na kazi ya kukufanyia, kwa kuwa wewe ndiye unayefanya kazi zote.

Imeniuma. Ulimpa dada yako funguo hukuniuliza mimi. Ungeniuliza ningekudanganya, ni kweli, lakini ungeniuliza. Na mimi nilikushuku, usidhani. Barua zako zilikuwa na lile kanisa kuliko zilivyokuwa na mimi, nikawaza funguo zile ziko kiunoni mwa mwanamume, kijana, anayejua kupanda ngazi. Nilikosa usingizi kwa ajili yake. Lakini sikutuma mtu.

Basi umeitwa, na mahali pako pamekaliwa. Imekwisha. Jumamosi nimenyoa. Kinyozi alinipa pole, akidhani nimetoka msibani.

Sasa tuwe kama watu wengine. Jumapili ya tarehe 19 Mei, saa tisa ya huku, baada ya ibada, nitakupigia, na barua hii itakuwa imeshafika. Nitakuita kwa jina lako. Ukisema unarudi, nitakuja Dar kukupokea. Ukisema umenichoka, sema pia, ila neno hilo nilisikie kwako, nisilisikie kwa Dafrosa.

Mumeo,
Lugembe


Altenhafen
19 Mei 2024

Mume wangu,

Simu imelia saa ile ile uliyosema. Nilikuwa kanisani, kwenye benchi. Nilikuwa nimeishika mkononi tangu ibada ilipoisha, na ilipolia nilishtuka kama sikuwa naitegemea. Gudrun alinigeukia, maana simu kuita mle ndani ni kosa. Akaniona uso, akageukia upande mwingine akaanza kupangusa kinara kilichokuwa safi. Ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya tatu niliishika kwa mikono miwili, kidole kikiwa juu kabisa ya pa kupokelea.

Sikupokea. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nikalia, nikaisoma tena nikacheka hapo kwenye kunenepa. Nilikukosea. Nilimwamini aliyeona sahani kuliko nilivyomwamini mtu niliyekula naye sahani moja miaka yote hii. Nilimwandikia dada kwamba sitakanyaga Cheyo, na niliyaandika kwa mkono imara kabisa. Naomba unisamehe. Sikuombi kwa adabu, naomba kwa sababu nikikosa msamaha wako sina pa kurudi.

Lakini nisikilize. Tangu dada aniite siku ile, nimekuwa nageuka. Sanduku langu liko wazi katikati ya chumba. Nimeulizia nauli ya ndege. Kazini natia dawa kwenye vikombe huku nawaza treni inapita Igalula asubuhi. Siwezi kukwambia kama ni miko yenu au ni upweke wangu, na padri wangu nikimweleza atakuwa na maoni yake. Ninachojua ni kwamba leo ningesikia sauti yako ikitamka jina langu, wiki hii ningekuwa nyumbani. Ningekupikia, tungefurahi, na baada ya mwezi tungekuwa tunatazamana mimi na wewe, nyumba haijaezekwa upande wa nyuma, cheti cha uuguzi cha huku sijapata, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Sikuja huku kwa ajili ya hilo, na wewe hukulala sakafuni kwa ajili ya hilo.

Nakuomba uanze upya. Muulize Mama kama miko iliyovunjwa inaanzwa tena. Akisema haianzwi, anza hivyo hivyo. Wanawake wale wa zamani nao walikuwa na mashemeji wenye sauti kubwa, na waume zao walirudi. Nywele zitaota. Dada Dafrosa nimemwandikia leo hii, nimemwambia hakuna uchawi na asiulize zaidi. Mwambie Mzee Ezekia lolote linalokusaidia kubaki kwenye kwaya. Na safari hii nimeshajua, kwa hiyo kama inalemea, mzigo wangu nitaubeba mwenyewe. Ugali uupunguze kidogo tu, kwa afya ya anayekula asubuhi.

Mkataba unaisha Januari. Mpaka hapo usinipigie, usiniite, hata ukiniota vibaya, hata mashaka yakikurudia juu ya kanisa hili na funguo zake. Yakikurudia, niandikie uniulize, nitakujibu kweli tupu. Mimi nami nitakuuliza wewe kabla ya kumwuliza mtu mwingine.

Nikishuka stesheni sitapanda chochote. Nitatembea mpaka Cheyo na vumbi langu, na nikifika pale barabarani mbele ya nyumba, mimi ndiye nitakayeita. Nitaita jina lako mpaka utoke.

Mkeo